The Replacements: tuanze na nyimbo, visa vitafuata

Ndugu mwenyekiti, mashabiki wenzangu, na nyinyi mliovutwa mkono na marafiki zenu bila kuambiwa mnakuja kusikiliza nini: karibuni, na poleni kidogo.

Naanza na lalamiko, na wanaolalamikiwa ni sisi wenyewe. Mtazameni shabiki wa The Replacements, bendi ya roki ya Marekani ya miaka ya 1980, anapomtambulishia mgeni bendi hii. Hampigii wimbo, anampigia soga. Ataanza na usiku wa tarehe 18 Januari 1986, bendi ilipoalikwa kwenye Saturday Night Live, kipindi cha televisheni ambacho msanii yeyote wa Marekani angekililia. Vijana wamelewa. Katikati ya wimbo mwimbaji anamrushia mpiga gitaa neno chafu hewani. Wimbo wa pili wanarudi wamebadilishana nguo. Kuanzia hapo kipindi kikawafungia mlango. Mgeni akicheka, shabiki anapata nguvu, anahamia mwaka 1987, walipochukua mikanda ya kurekodia nyimbo zao kwenye kampuni yao ya zamani wakaenda kuitosa katika mto Mississippi. Albamu zenyewe zilinusurika, lakini sehemu hiyo ya kisa huwa hatuitii chumvi sana. Mwishowe mgeni anaaga akiwa anajua kila kitu kuhusu ulevi wa watu wanne wa Minneapolis, na hajasikia hata ubeti mmoja.

Halafu sisi sisi tunauliza kwa nini bendi hii haijapewa heshima yake.

Naomba turudi nyuma tuone alivyofanya shabiki wao wa kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Minneapolis, kijana mmoja aitwaye Bob Stinson alimpa mdogo wake Tommy gitaa la besi. Tommy alikuwa na miaka kumi na moja, na kaka yake alitaka awe na shughuli ya kumtoa mitaani. Wakampata Chris Mars wa kupiga dramu, wakawa wanafanya mazoezi katika chumba cha chini ya nyumba ya akina Stinson. Paul Westerberg alikuwa mfanya usafi katika ofisi ya seneta. Anarudi nyumbani kwa miguu baada ya kazi, anapita karibu na nyumba hiyo, anasikia makelele ya ajabu yakitoka chini. Akasimama kusikiliza. Siku nyingine akasimama tena. Hatimaye akaingia.

Westerberg ndiye aliyepeleka kaseti ya nyimbo chache kwa Peter Jesperson. Jesperson alifanya kazi katika duka la santuri la Oar Folkjokeopus, na alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ndogo ya kurekodi ya Twin/Tone. Ombi lenyewe lilikuwa dogo: Westerberg alitaka bendi ipewe nafasi ya kupiga kwenye baa. Jesperson akaiweka ile kaseti, akasikiliza, na jibu lake likawa ni swali la kama wangependa kutoa rekodi.

Huyo ndiye shabiki wa kwanza, ndugu zangu. Hakuwa na kisa hata kimoja cha kusimulia kwa sababu visa vilikuwa bado havijatokea. Hakujua nani analewa na nani halewi. Alikuwa na kaseti tu. Ikamtosha akawa meneja wao, na mwaka 1981 albamu ya kwanza ikatoka, Tommy akiwa na miaka kumi na minne.

Sasa, alisikia nini? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye uhondo.

Albamu zao za mwanzo ni za kasi, panki ya vijana wasio na subira, na sitajifanya kuwa kila dakika ni lulu. Lakini fikeni mwaka 1984, kwenye albamu ya Let It Be. Jina wameliiba kwa The Beatles waziwazi, kwa utundu. Picha ya jaladani inawaonyesha wote wanne wamekaa juu ya paa la nyumba ya akina Stinson. Ndani mna wimbo wa mzaha kuhusu Tommy kutolewa mafindofindo. Mna wimbo wa bendi ya Kiss wameupiga bila kuona aibu. Wimbo wa kufungulia una gitaa la Peter Buck wa bendi ya R.E.M., aliyepita kuwasaidia. Kisha, katikati ya utundu huo wote, Westerberg anakaa kwenye piano anaimba kuhusu wapenzi wawili, mwanamume aliyevaa sketi na mwanamke aliyevaa mnyororo, kwa upole ambao hakuna aliyeutarajia kwa bendi ya panki mwaka ule. Hawacheki na hawahubiri. Anawaangalia tu, anawatakia heri.

Mwisho wa albamu ndipo mnapokutana na wimbo ambao, kwa maoni yangu, ungetosha hata kama wasingetoa mwingine. Unaitwa Answering Machine. Hakuna dramu, hakuna besi. Ni Westerberg peke yake na gitaa la umeme lenye kelele, anampigia simu mtu anayempenda, na kila mara inapokea mashine. Anaiuliza ile mashine utaiagaje, utaiambiaje kwamba umemkumbuka mtu. Anapiga kelele za kukata tamaa, anataja namba za simu za miji, na mwisho inaingia sauti ya kampuni ya simu, ile iliyorekodiwa, inayomwambia mpigaji akate simu na ajaribu upya. Baadhi yenu mmezaliwa mashine hizo zikiwa zimeshatoweka. Haidhuru. Kila aliyewahi kutuma ujumbe kwa mtu na kukaa anautazama atajua hapa panazungumzwa nini.

Huo ndio uwezo wa Westerberg ambao visa vya ulevi vinatuficha. Alikuwa mtunzi wa watu wenye haya. Sauti yake imekwaruza na gitaa linaunguruma, lakini ukisikiliza kwa makini, anayezungumza ni mtu ambaye sherehe imejaa na yeye hajui aanze kuongea na nani. Bendi nyingi za roki huimba kana kwamba zimeshashinda. Hii iliimba kwa niaba ya aliyebaki mlangoni.

Na mlangoni ndipo ilipopigiwa. Redio kubwa za biashara hazikuwa na habari nao. Waliowapiga ni redio za vyuo, zile ambazo Marekani huzitengea, pamoja na redio nyingine zisizo za biashara, sehemu ya chini ya masafa ya FM, kati ya megahezi 88 na 92. Kwenye redio za zamani zenye mshale, hiyo ni pembe ya kushoto kabisa. Westerberg akaitungia wimbo pembe hiyo, Left of the Dial, katika albamu ya Tim ya mwaka 1985: mtu yuko safarini, rafiki yake mwanamuziki yuko safari nyingine, na mahali pekee pa kukutana ni kwenye mawimbi ya stesheni ndogo, yanayokuja na kupotea. Miaka hiyo hiyo ndiyo watu walipoanza kuzungumzia roki mbadala, na wakitaka kunionyesha ilikoanzia, mimi nitawapeleka kwenye pembe ile ya kushoto.

Tim ilitoka kwa Sire, iliyokuwa chini ya Warner, kwa hiyo sasa walikuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Kampuni kubwa inataka video. Wakatoa video ambayo karibu yote, kwa rangi nyeusi na nyeupe, ni spika moja ikitikisika kwa muziki. Kuna mtu kwenye kochi anavuta sigara, sura yake haionekani. Wimbo unapoisha anaipiga spika teke, anaondoka. Tumezoea kuisimulia kama ukaidi mwingine, tena wa kuchekesha. Wenzangu, itazameni tena. Hawa ni watu walioambiwa wajionyeshe, wakaonyesha spika. Mimi naisoma kama ombi: tusikilizeni, msitutazame.

Sisi tukaendelea kutazama.

Najua kuna wenzetu humu watakaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Watasema uchafu wa bendi hii ndio uzuri wake, kwamba ukiipiga pasi inakufa. Nakubali nusu. Gitaa la Bob Stinson lilikuwa likienda mahali ambapo hakuna mwalimu angekuruhusu upeleke gitaa. Huyu ni mtu aliyempenda Steve Howe wa Yes, bendi ya nyimbo ndefu zilizopangwa kwa rula, na mapenzi hayo akayaleta kwenye nyimbo za dakika mbili za panki. Zile solo zake hujui zitatua wapi, na mara nyingi zinatua vizuri kuliko zilivyostahili. Uchafu wa namna hiyo naupenda kufa. Ninachokataa ni kuuchanganya na kuanguka.

Maana zilikuwepo siku za kuanguka hasa. Kuna maonyesho ambapo walikataa kupiga nyimbo zao, wakawa wanapiga vipande vya nyimbo za watu, wanaanza hawamalizi. Mwaka 1984 huko Oklahoma City, shabiki mmoja alikuwa akirekodi onyesho la namna hiyo kwa siri. Fundi wao wa sauti akamkamata na kaseti yake, na kaseti hiyo ya wizi Twin/Tone ikaitoa rasmi mwaka uliofuata. (Naona mnacheka. Na mimi hucheka. Kisa ni kizuri, siwezi kukataa.) Lakini habari zilienea, na watu wakaanza kulipa kiingilio ili washuhudie wakianguka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa kilichosifiwa kilikuwa ni kuanguka kwenyewe. Ukiwashangilia watu zaidi siku waliyoharibu kuliko siku waliyopiga vizuri, wamejifunza nini kwako?

Mwaka 1986 Bob Stinson alitolewa katika bendi iliyozaliwa nyumbani kwao. Mdogo wake, yule aliyepewa besi, alikuwa na miaka kumi na tisa, akabaki. Jesperson naye aliondolewa mwaka huo. Bob alifariki Februari 1995, akiwa na umri wa miaka 35. Sisemi mashabiki ndio waliomuua, nisije nikanukuliwa vibaya. Nasema kwamba anayewasimulia wageni kile kisa cha televisheni, basi na hiki akisimulie hapo hapo, kwa sababu ni watu wale wale.

Twende kwenye ushahidi, maana kwa sasa tunao. Sifa moja mbaya iliyowaganda ni kwamba walikuwa hawajui kupiga. Wengi waliamini hivyo kwa kusikiliza Tim. Aliyeitayarisha ni Tommy Erdelyi, yule mpiga dramu wa kwanza wa bendi ya panki ya Ramones, mtu mwenye heshima yake. Lakini mchanganyo wa sauti ulitoka mwembamba: dramu zinasikika kana kwamba ziko ukumbi wa jirani, besi imefinywa, kila kitu kimefunikwa na mwangwi. Tuliipenda hivyo hivyo, kwa sababu nyimbo zilikuwa na nguvu za kupasua ukuta. Mwaka 2023 Ed Stasium akairudia mikanda ya awali, akaichanganya upya. Waliopiga ni wale wale na siku ni zile zile. Na kumbe! Chris Mars anapiga dramu kama mtu anayejua anachofanya kila sekunde. Besi ya Tommy, kijana wa miaka kumi na minane, inatembea, inauliza, inajibu. Kinachosikika mle ni bendi iliyojua kazi yake, na haikuwa bahati ya walevi. Miaka thelathini na minane walikuwa wamekaa kwenye mikanda yao wakisubiri mtu aondoe blanketi.

Tangu hapo sina subira na anayeniambia kwamba The Replacements walikuwa vurugu tupu.

Niseme pia jinsi wao wenyewe walivyokuwa mashabiki, kwa sababu hapo wametuachia darasa. Baada ya Bob kutoka, walikwenda Memphis wakiwa watatu, kwenye studio za Ardent, kurekodi na mtayarishaji Jim Dickinson albamu iliyotoka mwaka 1987. Ardent ndiko Big Star, bendi ya Alex Chilton, walikorekodi. Chilton alikuwa ameongoza chati za Marekani mwaka 1967 akiwa na miaka kumi na sita, akiimba na The Box Tops. Halafu akaanza upya na Big Star, wakatoa albamu ya kwanza mwaka 1972, waandishi wa muziki wakaisifu, na usambazaji wa kampuni ya Stax ukawaangusha: santuri hazikufika madukani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kizuri ambacho hakijafika dukani hakijiuzi, wenzangu. Kinahitaji wa kukipigia debe.

Westerberg akampigia debe. Aliandika wimbo akauita kwa jina la Chilton mwenyewe. Na angalieni alivyoandika. Hakusimulia jinsi Big Star walivyodhulumiwa, hakulia kuhusu santuri zilizobaki ghalani. Alibuni dunia ambamo watoto kwa mamilioni wanamwimbia Chilton akija mjini, kana kwamba jambo hilo limeshatokea. Ni wimbo wa furaha, unarukaruka. Mtu akiusikia anataka kujua: huyu Alex Chilton ni nani? Anaenda kutafuta. Wapo waliozipata albamu za Big Star kupitia wimbo huo na kupitia R.E.M., na wengine wakaanzisha bendi zao kwa sababu yake.

Miaka iliyobaki nitaipita haraka. Slim Dunlap alichukua nafasi ya gitaa. Mwaka 1989 wakawa na wimbo ulioongoza chati za redio za roki lakini kwenye chati kuu ya Billboard ukaishia namba 51, na huo ndio ukaribu zaidi waliofikia na umaarufu. Wakazunguka Marekani wakitangulia jukwaani kabla ya Tom Petty, mbele ya watu waliokuwa bado wanatafuta viti vyao. Tarehe 4 Julai 1991, katika bustani ya Grant Park, Chicago, walipiga onyesho la mwisho, wakaondoka mmoja mmoja wakiwakabidhi wabeba vyombo vyao magitaa na dramu ili wamalizie wimbo. Mwezi Septemba mwaka huo huo Nirvana, bendi nyingine ya roki mbadala, wakatoa albamu yao ya pili, na mlango ambao vijana wa Minneapolis walikuwa wakiupiga teke miaka kumi ukafunguka. Wao walikuwa wameshakwenda nyumbani. Chris Mars akawa mchoraji. Tommy, baadaye kidogo, akaingia Guns N' Roses na kukaa miaka mingi, jambo ambalo bado linanishangaza kila nikilitaja.

Lakini tazameni kilichowarudisha. Mwaka 2012 Slim Dunlap alipata kiharusi kikali. Westerberg na Tommy wakaingia studio kurekodi nyimbo kwa ajili yake, Chris Mars akachangia wimbo na mchoro wa jalada, na mwanzoni mwa 2013 nakala 250 za santuri hiyo zikapigwa mnada ili kugharimia matibabu. Mashabiki walitoa pesa nyingi kwa kitu ambacho wangeweza kusubiri wakakipata kwa bei ya kawaida. Agosti mwaka huo bendi ikapanda tena jukwaani, Toronto, baada ya miaka ishirini na miwili. Mwaka 2014 kwenye tamasha la Coachella, Billie Joe Armstrong wa Green Day, mtu aliyejaza viwanja vya dunia nzima, alipanda kuwapigia gitaa kama kijana aliyeitwa na walimu wake. Slim alifariki Desemba 2024. Ya kwamba waliwahi kupendekezwa Rock and Roll Hall of Fame na hawakuchaguliwa, mimi hainikoseshi usingizi. Ule mnada unanitosha.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila mwenye mgeni humu ndani. Visa vyote viweke mfukoni kwa wiki moja. Usimtajie televisheni, usimtajie mto. Mpe nyimbo tatu, kwa mpangilio huu: Answering Machine, asikilize peke yake, usimkodolee macho, kisha Left of the Dial, kwa mchanganyo wa 2023 na si ule wa zamani, kisha ule wa Chilton, kwa sauti ya juu. Akirudi kuuliza zaidi, mpe albamu ya 1984 nzima, pamoja na mafindofindo yake. Visa atavidai mwenyewe, na wakati huo atajua vinamhusu nani.

Najua mpangilio huo utaleta ugomvi. Kuna dada pale nyuma ameshatikisa kichwa tangu nilipotaja mchanganyo wa 2023, na ameniahidi kabla ya kikao kwamba atautetea ule wa zamani, mwangwi na yote. Kuna mzee wangu hapa mbele anayeamini albamu ya mwisho, ya 1990, ndiyo bora kuliko zote, na sijawahi kumshinda. Mwenyekiti, naomba maikrofoni aanze nayo dada. Mzee wangu atamfuata, ila asitumie muda wangu wote uliobaki, maana na mimi nitataka kumjibu.